Hakuna Mpaka wa Bure

Asmah alikuwa amemwambia mama yake mapema, tena kwa maneno mepesi, kwamba Benin hawamwombi Mwafrika visa. "Mama, kuja tu na paspoti na ile kadi ya njano ya sindano. Wewe sema siku, Desire atatuma tiketi." Hidayah alikuwa ameketi nyuma ya rundo lake la makayabo, wale samaki wa chumvi ambao Wakongo hawamalizi wiki bila kuwala, simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja ukifukuza nzi. Aliitikia ndiyo, ndiyo mwanangu, akakata simu, kisha akatikisa kichwa. Alimhurumia binti yake. Alidhani ni mimba inayosema.

Watu wa Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, wana ugonjwa wao, na usiwacheke, maana wameupata kazini. Hidayah alianza kuvuka daraja la Mpondwe akiwa msichana, mzigo wa chumvi ya Katwe kichwani, na tangu siku hiyo hakuwahi kwenda ng'ambo bure. Alilipia jeton, kile kikaratasi cha kuvukia ambacho jioni kinakuwa takataka. Alimlipa wa kubeba, wa kumshikia foleni, wa kumlindia mzigo, na yule asiyefanya chochote ila kusimama karibu na hao wengine. Kama mto mdogo unaovukwa na mbuzi ulikuwa na gharama zote hizo, nchi ya kufikiwa kwa ndege, huko Afrika inakoishia, ingekosaje? Mpakani, anayekuambia "pita tu, mama" ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa kuwa bei yake hajaitaja bado.

Martine, jirani yake wa meza, Mkatoliki wa Butembo, huko Kongo, aliyekimbilia Bwera na kuanza kuuza vitenge, alikuwa amesikia mazungumzo. Alisema pengine ni kweli, dunia inabadilika. Hidayah akamcheka. Alimkumbusha kwamba yeye Martine alivuka akikimbia risasi, mtoto mgongoni, na bado kuna mtu alimlipisha kwa kumwonyesha njia. Martine akarudi kukunja vitenge vyake.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Asmah alikuwa na mimba ya kwanza, presha imepanda, miguu imevimba hata akawa anavaa kandambili za mumewe. Desire, huyo mume, alikuwa amekuja Butembo na shirika la misaada, akavuka kuja Bwera kununua mchele, akamwona Asmah, akasilimu, akamwoa na kumpeleka kwao Cotonou. Alifanya kazi bandarini, anatoka alfajiri anarudi usiku, mama yake alishafariki, na Asmah alishinda chumbani kati ya majirani ambao hata salamu yao ilimshinda. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya kujifungua mama yake awe nyuma yake, amshike mgongo, kama Hidayah mwenyewe alivyoshikwa na mama yake. Kwao mtoto wa kwanza hapokelewi na mikono ya wageni watupu. Hidayah aliahidi kwamba uchungu hautamkuta Asmah peke yake. Na ahadi ni deni.

Paspoti alikuwa nayo; aliitengeneza zamani akitarajia umra, umra ikashindikana, ikabaki sandukuni na nguo za Idi. Sindano ya homa ya manjano aliifuata hadi Kasese bila kuchelewa, akachomwa, mkono ukauma siku nzima, akapewa kadi. Sindano aliiamini kwa sababu iliuma. Kilichobaki ilikuwa visa.

Katika ukoo ule mtu wa mipaka alikuwa Swalik, mdogo wake Musitafa. Musitafa, mume wa Hidayah, alikuwa dereva wa lori la Butembo mpaka nyonga ilipovunjika. Sasa alikaa barazani kwenye mkeka akitazama malori ya wenzake yakipita na kuwakosoa namna wanavyobadilisha gia. Swalik alikuwa wakala wa forodha. Alikuwa na ofisi ya mabati karibu na daraja, mihuri mezani, na shati lenye mfuko uliojaa kalamu. Bwera mtu mwenye mihuri haulizwi mara mbili.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, akala wali, akanawa mikono, akachokonoa meno, ndipo akasema. Alisema faili lazima lipite Kampala, na kutoka Kampala liende mahali pengine alipopataja kwa jina refu la Kifaransa, na kila mahali pana mtu wa kuonwa.

"Shemeji, mimi sitaki kukudanganya. Visa ya kule iko ngumu kuliko ya Ulaya. Hizi nchi ndogo ndiyo zinajifanya kubwa."

Hidayah akamweleza alivyosema Asmah. Swalik hakubisha. Alicheka polepole, kama mtu mzima anayesikia mtoto akisema mwezi unamfuata, akamgeukia kaka yake. "Ati bure," alisema. Musitafa naye akacheka. Na Hidayah, lazima tuseme ukweli, alicheka pamoja nao. Alifurahi kuhesabiwa kati ya wanaojua.

Fedha hawakuwa nazo. Kitu pekee chenye uzito katika nyumba ile hakikuwa cha Musitafa wala cha ukoo wake, na pengine ndiyo sababu kilitajwa haraka. Kilikuwa kidimbwi cha chumvi kule ziwani Katwe, upande wa Kabatoro, ambacho Hidayah alirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Msimu wa jua kilitoa chumvi nyeupe ya kula, na chumvi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto na kumtibu Musitafa nyonga. Swalik alisema hana haja ya kumsumbua mtu na mambo ya fedha. Kidimbwi kikiandikwa jina lake, yeye mwenyewe atawaona hao watu wa kuonwa, na visa itatoka.

Hidayah alimtazama mumewe. Musitafa alikuwa akitazama barabara.

"Mtoto ni mtoto," alisema Musitafa. "Hayo ni maji ya chumvi tu."

Basi wakaenda Katwe. Swalik alisimama ukingoni na viatu vyake vya kung'aa, akiuliza maswali mazuri ya mtu mwenye nia ya kukaa. Hidayah akamweleza yote: namna ya kukandika kingo kwa udongo na nyasi ili maji yasivuje, namna ya kujua chumvi imekomaa kwa kuisikiliza inavyolia chini ya kidole, wanawake gani wa kuajiri na wepi wasio na mkono mwepesi. Alieleza kama mwanamke anayemkabidhi mke mwenziwe jiko. Kisha mbele ya majirani wa kidimbwi akatia saini yake ya herufi kubwa kubwa, akamkabidhi Swalik na paspoti yake pia, akaenda kunawa uso ziwani. Ilimuuma. Maji yale yana chumvi na magadi, na aliyanawa hata macho yakawasha, akawaambia waliokuwa wakimtazama kwamba ni maji.

Visa haikutoka. Kila Ijumaa Swalik alikuja, akala, akasema faili limesogea. Mara limesogea mpaka mezani kwa mkubwa, mara mkubwa amekwenda likizo, mara mashine ya kuchapa imeharibika. Hidayah alianza kumwekea kipaja cha kuku, maana alihofu kwamba akila vibaya faili nalo litalala vibaya.

Asmah alipiga simu akiuliza tarehe. Mama yake akamwambia visa bado. Asmah akauliza kwa sauti ndogo visa ya nini. Hidayah akaanza kumweleza habari za Kampala, za faili, za mkubwa aliyekwenda likizo, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyomsikia mwanawe akipumua kwa shida upande wa pili.

"Mama, kama hutaki kuja, niambie tu. Usinitungie mambo."

"Nimeuza kidimbwi, Asmah."

"Umeuzia nini? Nani amekuambia uuze?" Na akalia. Alisema kwamba wamemchukia tangu alipoolewa mbali, kwamba baba yake hajamuuliza hata siku moja hali ya presha, kwamba daktari amesema asitembee na hana hata mtu wa kumletea maji. Hidayah alitaka kumjibu lakini simu ikakatika, na alipojaribu kupiga hakuwa na muda wa maongezi wa kufika Benin. Alikaa pale sokoni akiwa amekasirika. Alimkasirikia binti yake kwa kutojua dunia. Hasira hiyo ingekuja kumtafuna baadaye, lakini siku ile aliiona ni haki yake.

Hata hivyo neno lilikuwa limeingia. Baada ya siku kadhaa alipanda gari hadi Kasese, akatafuta ofisi ya tiketi za ndege iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alijiambia anakwenda kuuliza bei ya tiketi ya kumtajia Desire tu, ili visa ikitoka wasipoteze muda. Ndani kulikuwa na msichana mmoja, Rashidah, kucha ndefu, feni ikimpuliza yeye peke yake. Kabla Hidayah hajaketi, msichana alimtazama kuanzia kandambili hadi shungi, akamwita nyabo, yaani bibi, kwa Kiganda.

"Nyabo, kazi za ndani za Uarabuni ni mlango ule mwingine. Na umri wako hawachukui."

Vijana wawili waliokuwa wakingoja wakainamisha vichwa wacheke vizuri. Hidayah akasema haendi Uarabuni, anakwenda Benin kwa binti yake. Rashidah akaona haya kidogo, akabonyeza mashine yake. Akataja njia: Entebbe, Addis Ababa, Cotonou. Akauliza kama ana kadi ya njano. Hidayah akaitoa kwenye pochi, imekunjwa ndani ya leso. Akauliza paspoti.

"Iko kwenye visa," alisema Hidayah.

"Visa ya wapi?"

"Ya huko huko."

Rashidah akaigeuza kompyuta ili mteja aone, lakini maandishi yalikuwa ya Kiingereza na Hidayah aliona nuru tu. "Hiyo nchi haitaki visa kwa Waafrika, nyabo. Waafrika wote. Unashuka, wanakugongea muhuri, unaingia. Ukileta paspoti leo, wiki hii unaruka. Nani alikuambia visa?"

"Shemeji yangu."

"Kale, haya basi," alisema Rashidah, na sasa sauti yake ilikuwa na adabu, jambo lililomtisha Hidayah kuliko dharau ya mwanzo. "Muulize tena."

Tuwe waadilifu hata kwa Swalik. Hakuanza na uongo. Siku ile alipokula wali na kusema visa ni ngumu, aliamini anachosema, maana naye ni mtoto wa mpaka uleule. Aliujua ukweli baadaye, kwa mtu wa Kampala aliyemcheka kwenye simu mpaka akakohoa. Lakini siku hiyo wanawake walikuwa tayari wanakwangua chumvi kwenye kidimbwi, magunia ya kwanza yamevuka daraja, na Swalik alikuwa ameonja. Kusema ukweli kungekuwa kurudisha kidimbwi. Akajiambia kwamba wanawake wanazaa kila siku, mama zao wawepo wasiwepo; kwamba mtoto akishazaliwa salama atasema visa imetoka, Hidayah ataenda kumwona mjukuu, na kila mtu atakuwa amepata chake. Paspoti hakuipeleka popote. Ilikuwa kwenye droo ya meza yake, chini ya mihuri, karibu na magoti yake kila alipoketi.

Hidayah alimkuta ofisini na wateja, wenye malori na makarani wao. Swalik hakumpa kiti. Alimwambia asubiri, akamaliza karatasi moja, akamaliza ya pili, akanywa chai, ndipo akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia kama kuna tatizo. Hidayah alijitahidi kusema polepole. Alisema amekwenda Kasese, na msichana wa tiketi amemwambia visa haipo.

Swalik akaegemea nyuma. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Shemeji, huyo msichana umemlipa ngapi kwa hiyo habari?"

"Sijamlipa."

"Sasa unaona."

Wenye malori wakacheka. Swalik akangoja wamalize. "Wewe umevuka hapa miaka yote. Umeshaona mtu anavuka bure? Hata mmoja?" Hidayah alifikiri kwa uaminifu, akakiri kwamba hajaona. "Na hao, kwa sababu gani wakupe nchi yao bure? Wanakupenda? Huyo msichana anataka kuuza tiketi. Utaruka, utafika, watakurudisha na ndege ileile, na tiketi imekwisha. Yeye hayupo. Mimi ndiye nitakuwa hapa kusikia kilio chako."

"Basi nipe paspoti yangu, nikae nayo."

"Iko kwa wakubwa. Nikiivuta sasa, faili linakufa, na kidimbwi chako kimeenda bure. Unataka hivyo?"

Hidayah alisimama katikati ya wanaume wale, jasho likimshuka ndani ya shungi. Mizani ilikuwa na ukweli upande mmoja: binti yake na msichana wa kucha ndefu, wote wakisema bure. Upande wa pili ilikuwa miaka yake yote ya darajani, na shemeji mwenye mihuri. Akaomba radhi kwa kuwachelewesha wenye kazi, akatoka.

Habari ilimtangulia nyumbani. Musitafa alimpokea na fimbo yake magotini, ingawa hakuwa mtu wa kupiga. Alimwambia amemwaibisha ndugu yake mbele ya wateja, kwamba watu sasa watasema Swalik anakula mali ya shemeji yake, kwamba damu ni nzito kuliko maji na yeye Hidayah ameifanya nyepesi. Kesho yake Hidayah alichagua makayabo mawili, yaliyo manene kuliko yote, akayafunga kwenye karatasi safi, akampelekea Swalik kuomba msamaha. Swalik akayapokea kwa mikono miwili na kusema yamekwisha. Alikuwa mkarimu siku hiyo. Hata kiti alimpa.

Asmah hakupiga tena kuuliza tarehe. Alituma ujumbe mmoja mfupi kwamba wamemlaza hospitali, na kwamba kitanda chake kiko mbele ya mlango wa kuingilia, kwa hiyo anaona kila anayekuja. Hidayah alimwomba Martine amsomee mara mbili. Kisha alimpigia Swalik, naye Swalik akasema faili limefika mahali pa mwisho kabisa.

Simu ya Desire iliingia siku ya soko, watu wamejaa, mtu na mzigo wake wakipita juu ya mguu wa mtu. Desire alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni, cha kununulia mchele, na siku hiyo kilimtoka chote. Alizungumza Kifaransa tu. Hidayah akampa Martine simu. Martine alisikiliza akiwa amesimama, kitenge cha mteja bado mkononi, akaitika oui, oui, kisha akaacha kuitika. Alipokata simu alimrudishia mteja fedha zake na kumwambia aende.

"Mama Asmah, kaa chini."

"Niambie nikiwa nimesimama."

"Asmah alikufa. Ni ile presha. Mutoto iko muzima, ni mutoto mwanamuke." Martine akamshika mikono yote miwili. "Balishamuzika. Anasema kwenu hamulazake maiti, ndiyo maana aliwahi."

Ndivyo dini yao inavyotaka, na Desire, aliyesilimu kwa ajili ya mke, alikuwa ametimiza kila kitu sawasawa. Hidayah hakupiga kelele. Aliketi juu ya gunia la samaki, na mwanamke mmoja kutoka Kasindi, asiyejua lolote, akamuuliza bei ya kayabo lile kubwa, naye akamtajia bei.

Matanga yaliwekwa barazani. Wanawake walikaa ndani, wanaume nje kwenye mikeka, ukuta na dirisha katikati. Swalik alikuja na gunia la mchele na sukari, na chumvi pia, ya Katwe, nyeupe kabisa. Watu walimsifu. Marehemu alipokwisha kusomewa, Swalik aliingia ndani kumpa pole shemeji yake, akapiga goti moja kama desturi, na mbele ya wanawake wote akatoa paspoti kwenye mfuko wa shati, kati ya kalamu.

"Imetoka jana," alisema kwa huzuni. "Kadari ya Mungu."

Bulandina, mama mzee wa jirani, akaguna kwa uchungu na kusema Swalik amejitahidi, ndugu kama huyo ni wachache. Musitafa, nje ya dirisha, aliitikia kwamba kweli. Hidayah aliiweka paspoti mapajani bila kuifungua.

Wakati huohuo Desire akapiga. Aliomba aongee na mama, na kwa kuwa Martine alikuwa pale, simu ikawekwa sauti wote wasikie. Desire alizungumza kwa vipande, akinyamaza ili Martine atafsiri. Alisema Asmah hakuteseka sana mwishoni. Alisema mtoto amepewa jina Hidayah. Wanawake wakalia kidogo. Kisha Desire akasema jambo refu, na Martine akatazama sakafu.

"Anasema nini?" aliuliza Hidayah.

"Anasema mambo ya uchungu tu, mama."

"Sema."

Martine alivuta pumzi. "Anauliza ju ya nini haukukuja. Anasema Asmah alikuwa anaangalia mulango. Kila mutu akiingia, anainua kichwa. Na ye Desire anaonaka batu ba Uganda kule, beko banaingia kila wiki, bana paspoti tu." Akamtazama Swalik, akamalizia kwa sauti ya chini. "Visa haiko, Mama Asmah. Haikuwako hata siku moja."

Sufuria ya chai ikasikika ikichemka uani. Hidayah akaifungua paspoti. Alipitisha ukurasa mmoja mmoja kwa kidole kilekile alichokuwa akisikilizia chumvi. Kurasa zote zilikuwa safi kama zilivyotoka Kampala siku ile ya umra. Bulandina aligundua kwamba rozari yake imefungana, akaanza kuifungua. Nje, Musitafa alikohoa, kisha akakohoa tena, na mtu yeyote aliyekuwa akisubiri kikohozi kile kifuatwe na neno angesubiri mpaka leo.

Swalik bado alikuwa amepiga goti. Alitazama mkeka, akanyanyua uzi uliotoka, akaukata. Aliyemwokoa alikuwa Desire mwenyewe, ambaye hakujua nani yuko chumbani. Alirudi hewani akiuliza kama wanamsikia, na nyuma yake mtoto akalia, kilio kidogo cha hasira, na kila mwanamke pale akainua uso.

Martine akatafsiri, sasa machozi yakimtoka. Desire hawezi kumlea mtoto peke yake, kazi ya bandari haina saa. Maziwa anapewa na jirani. Anataka kumleta kwa bibi yake, Bwera, amlee. Asmah mwenyewe ndiye aliyesema hivyo hospitali. Yuko tayari kuja hata mwezi huu. Ila anauliza, yeye Mbenin, kuingia Uganda kunaombwa visa?

Hakuna aliyemtaja mtu, lakini macho yote, hata ya Bulandina, yalikwenda kwa Swalik. Yalikwenda yenyewe, kwa mazoea, kama mkono unavyokwenda mfukoni ukifika darajani. Swalik alihisi yanavyomfikia. Akanyoosha mgongo, akagusa kalamu zake.

"Hapo sasa visa inaombwa," alisema. "Mbenin kuingia kwetu, lazima. Hapo sidanganyi mtu." Na hapo kweli hakudanganya. Nchi iliyomfungulia Hidayah mlango bure ilikuwa ikifungiwa mlango na nchi yake mwenyewe. "Na mtoto ana karatasi zake, na baba ana zake, na kuna wa kuonwa Entebbe. Mkimwachia huyo mgeni afanye peke yake, atakwama njiani na kitoto." Akashusha sauti, ikawa sauti ya msiba. "Niachieni mimi."

"Mwachie Swalik," alisema Musitafa kutoka dirishani, haraka, kwa nafuu ya mtu aliyeona pa kupitia. "Yeye ndiye anajua."

Martine alifungua mdomo. Hidayah akamgusa goti, naye Martine akaufunga. Mtoto alikuwa bado analia kwenye simu, na Hidayah aliinamia sauti ile mpaka shungi likafunika kioo. Alikuwa anajua sasa. Alijua paspoti ilikokuwa, alijua chumvi iliyoletwa msibani imetoka wapi, alijua makayabo aliyopeleka yaliliwa na nani. Alijua pia kwamba hana mwingine anayeweza kwenda dirisha la ofisi yoyote akazungumza kama mtu, na kwamba yule mtoto, akikaa mbele ya mlango, atamngoja kama mama yake alivyongoja.

Alikunja paspoti ndani ya leso pamoja na kadi ya njano, akaifunga fundo. Akajifuta uso, akamgeukia shemeji yake.

"Ngapi?" aliuliza.